Kahawia yenye umanjano: jinsi ya kuitumia kwenye skrini bila kuichafua

Mimi ni msanifu wa lebo na mabango hapa Iringa mjini, Miyomboni. Wateja wangu wengi wanauza asali, vikapu au kahawa ya Mbozi, na karibu wote wanaomba "rangi ya udongo". Wanachotaka ni ile kahawia yenye umanjano, yenye joto, unayoiona kwenye nguzo za mawe za Isimila, karibu na Iringa mjini, jua likielekea kuzama. Naipenda kuliko rangi zote, na inaniuma kuiona imemwagwa ovyo hadi bango zima linaonekana limepakwa matope.

Anza na namba. Yangu ni #CC7722, msimbo unaoiambia kompyuta ichanganye mwanga kiasi gani: nyekundu 204, kijani 119, bluu 34. Iandike hivyo hivyo kwenye Canva, Figma au programu nyingine yoyote ya usanifu. Kwenye duara la rangi, yaani rangi zote zikipangwa kwa mzunguko, iko digrii 30, palepale kwenye eneo la chungwa. Kuelewa hilo ni muhimu kuliko kukariri namba: kahawia ni chungwa lililopunguzwa mwanga. Skrini haina taa ya kahawia. Ina nyekundu, kijani na bluu, basi. Jicho ndilo linaloamua kwamba hii ni kahawia, baada ya kuilinganisha na kilichoizunguka.

Hakikisha mwenyewe. Chora mraba wa #CC7722 juu ya nyeupe, kisha mraba uleule juu ya nyeusi. Wa kwanza utatulia, utakuwa wa udongo. Wa pili utang'aa na kuelekea chungwa, ingawa namba haijaguswa. Kwa sababu hiyo mimi huchagua majirani kwanza. Mandharinyuma naweka nyeupe ya maziwa, #FBF3E4, kwa kuwa nyeupe kali huifanya rangi hii ionekane nzito. Maandishi naweka kahawia iliyokaribia weusi, #2A180C. Nikihitaji kitu cha kuvuta macho, natumia bluu iliyopoa, #2F4F6B, maana bluu ndiyo inayotazamana na chungwa kwenye duara. Iwe kidogo tu: kitufe cha kuagiza, au mstari chini ya bei.

Sasa maandishi, na hapa sina mzaha. Maandishi meupe madogo juu ya #CC7722 hayasomeki vizuri. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za mtandao kufikika na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa maandishi makubwa. Nyeupe juu ya rangi hii inapata kama 3.4, kwa hiyo inafaa kichwa cha tangazo peke yake. Namba ya simu na bei viandike kwa #2A180C, utapata 5. Mteja aking'ang'ania nyeupe, shusha mwanga wa mandharinyuma hadi #A65E1A, nayo itakaribia 5. Halafu toka nje na simu ya kawaida, si ile ya gharama, uangalie tangazo saa saba mchana. Mama anayetafuta bei akiwa amesimama juani pale Ipogolo hana kivuli cha ofisi yako.

Picha ya bidhaa nayo ina madai yake. Milulu, nyasi zinazosukiwa vikapu vya Iringa, ikikauka huwa na rangi inayokaribiana sana na hii, kwa hiyo kikapu ukikiweka juu yake kinamezwa. Kiweke kwenye nyeupe ya maziwa, au kwenye ile bluu. Punje za kahawa iliyokaangwa hazina shida, weusi wake unajitokeza wenyewe. Kwa asali, usibuni: chukua rangi kwenye picha ya chupa yenyewe, upande wenye kivuli, kisha uisogeze polepole hadi ikubaliane na lebo.

Waliowasha hali ya giza kwenye simu (dark mode, yenye mandharinyuma nyeusi) wataiona imekolea kupita kiasi. Watengenezee toleo lililopauka, #D9A066. Bado lina digrii 30, ila halichomi macho.

Kwa kuchapisha, hesabu ya kuanzia, kwa asilimia ya kila wino, ni samawati 0, majenta 42, njano 83, nyeusi 20. Mashine na karatasi zitaibadilisha, kwa hiyo omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia mzigo wote. Na kama lebo inakwenda kwenye karatasi ya kaki, acha kabisa rangi hii. Wino wa kawaida wa mashine unapitisha mwanga, kaki itaonekana chini yake na nembo itafifia. Hapo chapisha kwa ile kahawia nyeusi peke yake, uiache karatasi iwe ndiyo udongo.