Jinsi ya kutengeneza faili la jimbo lako la uchaguzi (nachukulia mfano wa huku kwetu Kigoma)

Kila uchaguzi ukipita, kijiweni kwetu Mwanga ubishi unakuwa ule ule. Nani alichukua jimbo 2010, alimpita mwenzake kwa kura ngapi, kata gani ilimbeba, na watu wanabishana mpaka chai inapoa afu hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Mimi nimeamua kuwa na karatasi. Nina kaunta buku moja la kwaya tatu ambalo ndo faili la jimbo langu, na hapa naelekeza jinsi ya kutengeneza la kwako, uwe Kigoma, Tabora au kokote, maana utaratibu ni mmoja nchi nzima.

Ukurasa wa kwanza andika jina la jimbo na mipaka yake. Unaweza kuona ni jambo dogo ila hapa ndo wengi wanaanza kupotea. Jimbo sio wilaya. Mtu wa Kibondo jimbo lake linaitwa Muhambwe, mtu wa Uvinza jimbo lake ni Kigoma Kusini, na wa Kakonko alizoea Buyungu ila 2025 Tume ya Uchaguzi ikabadilisha jina jimbo likawa Kakonko, kama Tabora Kaskazini ilivyogeuka Uyui mwaka huo huo. Sasa ukitafuta matokeo ya zamani kwa jina jipya hutoona kitu, kwahiyo andika majina yote mawili. Halafu kuna hawa ndugu zetu wa Mwandiga, wanashuka mjini kila siku, wanauza sokoni, wanatibiwa mjini, lakini kura yao ni ya Kigoma Kaskazini sio Kigoma Mjini. Ukishapata jina orodhesha kata zote. Kigoma Mjini tuna kata 19, kuanzia Gungu na Bangwe mpaka Kibirizi, Buzebazeba, Rubuga na kule Ujiji Kasingirima na Kitongoni. Kila kata ipe kurasa zake mbili tatu, utazihitaji.

Watu huwa wananiuliza jimbo letu litagawanywa lini. Kazi hiyo ni ya Tume kwa mujibu wa ibara ya 75 ya Katiba, na maombi yanaanzia huku chini, baraza la madiwani, yanapanda kikao cha ushauri cha wilaya, cha mkoa, ndo yanafika Tume. Mwaka 2025 kigezo cha idadi ya watu kilikuwa 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la kijijini. Sensa ya 2022 mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967, ukigawa kwa majimbo yetu 8 unapata kama laki tatu na elfu nane hivi kwa jimbo. Kwa hesabu hiyo sikushangaa kwamba katika majimbo 8 mapya yaliyotangazwa nchi nzima, yakafika 272, hakuna hata moja la Kigoma. Hizo namba ziandike, zitakusaidia siku mgombea atakapokuja kuwaahidi jimbo jipya.

Kitu kingine tenganisha chaguzi. Novemba 27, 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa na vijiji, ule ulisimamiwa na TAMISEMI, ile ofisi ya serikali inayoshughulika na serikali za mitaa, na ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura. Uchaguzi wa rais, mbunge na diwani unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kuandikwa kwenye orodha ya mtaa hakukuingizi kwenye Daftari la Kudumu, na nimeona watu wazima wanafika kituoni siku ya kura wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya kuchanganya hivi vitu viwili, inauma. Uboreshaji wa Daftari hilo la Kudumu kuelekea uchaguzi wa 2025 ulizinduliwa hapa hapa Kigoma Julai 20, 2024, sisi na Tabora na Katavi tukawa wa mwanzo. Kama ulihama kutoka Kasulu ukaja mjini na hukuhamisha taarifa zako basi bado ni mpiga kura wa Kasulu hata kama umejenga Katubuka.

Sasa tuje kwenye kituo, hapa naomba usome taratibu.

Jimbo halina sanduku lake la kura. Matokeo ya jimbo ni kujumlisha tu karatasi za vituo, basi. Vituo vikifungwa saa 10 jioni, kura zinahesabiwa pale pale kituoni, msimamizi wa kituo anajaza fomu ya matokeo, mawakala, yaani watu wanaowakilisha vyama na wagombea kituoni, wanasaini, kila wakala anapewa nakala na nyingine inabandikwa nje ukutani. Ya ubunge ndo hii watu wanaiita 21B, ya rais ni 21A na ya udiwani 21C. Baada ya hapo masanduku na fomu vinapelekwa kata afu vinaenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, ndo majumuisho yanafanyika na mshindi anatangazwa. Ukiwa mjini hiyo safari ni ya bodaboda ya dakika ishirini, ila fikiria Kigoma Kusini, vijiji vya mwambao kama Kalya na Buhingu, ni boti, ni mawimbi ya Tanganyika, ni usiku. Ndo maana ile nakala ya ukutani na ile ya wakala zina thamani kubwa, zimeandikwa kabla ya safari.

2015 nilikuwa wakala kwenye kituo kimoja hapa mjini, chama sisemi. Tulihesabu kwa taa ya chaji mpaka usiku, nikasaini, nikampa nakala yangu kiongozi wa mawakala nikaenda kulala. Wiki mbili baadae ikahitajika, hakuna aliyejua iko wapi. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, wakala yeyote ninayemfahamu namwambia piga picha fomu yako kabla haijatoka mkononi, na jioni ile ile namba zihamishie kwenye daftari kwa peni. Kwa peni nasema kwa makusudi. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa, aliyekuwa anategemea grupu la WhatsApp alibaki mikono mitupu.

Kama sio wakala, wewe piga kura uende nyumbani. Suala la wapiga kura kubaki mita 200 kutoka kituoni ili kulinda kura lilifika Mahakama Kuu mwaka 2015 na mahakama ikasema watu wakishapiga kura wasikusanyike, kwahiyo usijitafutie matatizo na askari. Ndani ya kituo usitoe simu. Rudi asubuhi, karatasi itakuwa ukutani, isome, nakili, nenda kituo kinachofuata. Mimi na wenzangu wanne tuligawana kata, kila mtu vituo anavyoweza kufika kwa baiskeli, na usidharau, watu watano mnafika mbali.

Kwenye daftari weka mistari hii kwa kila kituo: jina la kituo, waliojiandikisha, waliopiga kura, kura zilizoharibika, kura halali, halafu kura za kila mgombea. Hesabu yenyewe inachanganya watu kwa hiyo ntatoa mfano wa kubuni. Tuseme kituo kina majina 420, waliopiga ni 252, zilizoharibika 7. Kura halali zinabaki 245. Mgombea wa kwanza kapata 130. Asilimia yake inayotangazwa inapigwa kwenye kura halali, yaani 130 kwa 245, ni asilimia 53. Lakini waliojitokeza ni 252 kwa 420, asilimia 60. Na ukimpima huyo mshindi kwa watu wote walioandikishwa anapata asilimia 31 tu. Zote tatu ni kweli ila kila moja inajibu swali lake, na mtu akikutajia asilimia muulize kwanza ni ya nini. Kuna kulinganisha kwingine mimi nakupenda sana, weka kura za rais na za ubunge za kituo kimoja pembeni kwa pembeni. Pale utaona kama watu walimfuata mgombea au walifuata chama, na ukilinganisha kata za ziwani na za mlimani unaanza kulielewa jimbo kuliko hotuba yoyote ya jukwaani.

Usisahau kwamba kura za ubunge zinafanya kazi nyingine kimya kimya. Viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa vyama kulingana na kura zao za ubunge nchi nzima, na chama lazima kifikishe angalau asilimia 5 ya kura halali. Kwahiyo hata kama mgombea wako alishindwa jimboni, kura ile bado ilihesabiwa mahali.

Andika pia nani hakuwepo kwenye karatasi ya kura. Hili wengi hawalifanyi. Mwaka 2025 Chadema hawakuwepo kwa sababu hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili ile, na siku yenyewe ya kura kulitokea vurugu sehemu mbalimbali za nchi, watu wakapoteza maisha. Mtu atakayefungua daftari lako miaka ishirini ijayo akikuta namba tupu bila maelezo hayo atasoma vibaya, atadhani ulikuwa mwaka kama miaka mingine.

Kwa historia anza nyuma kadri unavyoweza. Kigoma Mjini ukurasa wangu wa kwanza ni uchaguzi mdogo wa 1994. Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi, Dk Amani Walid Kabourou wa Chadema akaenda mahakamani, matokeo yakatenguliwa, na 1996 Mahakama ya Rufani ikabaki na uamuzi huo huo. Moja ya hoja kubwa ilikuwa jinsi Redio Tanzania ilivyotangaza kwa kuegemea upande mmoja, na suala la barabara kushughulikiwa wakati wa kampeni nalo likaingia. Ile hukumu mpaka leo wanasheria wanaitaja, na imetoka huku mwisho wa reli. Kabourou mwenyewe alishinda 1995 akakaa bungeni hadi 2005. Ukiendelea utakuta 2005 Zitto Kabwe anaingia kwa Kigoma Kaskazini, 2010 NCCR-Mageuzi inachukua majimbo manne mkoani kwetu, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, na 2015 Zitto anahamia Kigoma Mjini na kuwa mbunge pekee wa jimbo wa ACT-Wazalendo nchi nzima. Hapo unaona kwamba watu wa huku hawajawahi kuwa mali ya chama kimoja, na mimi hilo najivunia nalo.

Chaguzi ndogo zipe ukurasa wake na uandike sababu. Buyungu walirudi kwenye kura Agosti 2018 baada ya mbunge wao Kasuku Bilago kufariki. Mei 16, 2021 majimbo yetu mawili yalipiga kura siku moja, Muhambwe kwa sababu Atashasta Nditiye alifariki na Buhigwe kwa sababu Philip Mpango alikuwa amekuwa Makamu wa Rais. Mbunge akifukuzwa au akihama chama napo kiti kinakuwa wazi kisheria.

Ukurasa wa mwisho wa kila uchaguzi acha wazi kwa ajili ya mahakama. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge inafunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kutangazwa, na sio mgombea tu anayeweza kufungua, hata mpiga kura wa jimbo hilo anaruhusiwa. Tatizo ni dhamana ya gharama, mahakama inaweza kukupangia hadi shilingi milioni 5 kwa kila unayemshtaki, na kwa kawaida unashtaki mbunge, msimamizi na Mwanasheria Mkuu, piga hesabu mwenyewe ni ng'ombe wangapi. Ukiwa huna uwezo unaweza kuomba mahakama ikupunguzie, usikate tamaa kabla hujauliza. Ubunge na udiwani vinapingwa, urais ukishatangazwa na Tume Katiba hairuhusu mahakama kuuhoji. Zamani kesi zetu zilikuwa zinaenda Mahakama Kuu Tabora, siku hizi Kigoma tuna yetu. Hukumu nyingi unazipata bure mtandaoni kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, andika jina la jimbo au la mgombea, pakua, soma hata kama Kiingereza chake ni kigumu, tafuta mwanafunzi wa sheria mkae nae.

Na ukurasa huo usiufunge haraka. Angalia Igunga kule Tabora, Rostam Aziz alijiuzulu 2011, uchaguzi mdogo ukafanyika Oktoba 2, Dk Dalaly Kafumu akatangazwa, Agosti 2012 Mahakama Kuu ikautengua ushindi wake, 2013 Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Aliyeandika matokeo 2011 akafunika daftari ana theluthi moja ya habari.

Mwisho, daftari lisiwe moja. Mkishamaliza piga picha kurasa zote, mmoja abaki na nakala Ujiji, mwingine Gungu, na moja mpe mtu wa vyama vingine ambaye mnabishana nae kila siku, yeye ndo atakuonyesha namba ulizokosea. Kama una nakala za fomu za Kasulu Mjini au Kigoma Kusini za 2010 hata kama zimeliwa na mchwa pembeni, naomba tuwasiliane, kurasa zake nimeziacha wazi.