Sinia la matunda la wageni 25: kukata, kupanga na kulifikisha mezani likiwa kavu

Adui wa sinia la matunda ni maji. Tikiti huanza kuchuruzika mara tu linapokatwa, nanasi hufuata, na haipiti nusu saa kila kitu kimelowana na rangi ya papai imehamia kwenye zabibu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kuchuja, kukausha, na kujua tunda lipi likatwe mwisho.

Tuanze na kiasi. Penye pilau na vyakula vingine, mgeni mmoja hula gramu 150 hadi 200 za matunda yaliyokwisha kumenywa, kwa hiyo watu 25 wanahitaji kama kilo 5. Sokoni nunua tikiti moja la kilo 4, mananasi mawili ya kilo moja na nusu kila moja, papai la kilo moja, na zabibu nusu kilo. Uzito wa kununua unazidi kilo 5 kwa mbali kwa sababu nanasi hupoteza karibu nusu yake kwenye maganda na moyo, na tikiti zaidi ya theluthi. Msimu wa maembe ukifika, weka maembe matatu makubwa yasiyo na nyuzi nyingi mahali pa papai. Aina nne au tano zinatosha. Zikizidi hapo, kila moja inakuwa vipande vichache vilivyotawanyika, na sinia linaonekana kama masazo.

Nanasi haliongezi utamu baada ya kuchumwa. Ukilinunua bichi na kulingoja, litalainika tu, basi linuse upande wa chini: lisiponukia, liache. Tikiti liwe zito kwa ukubwa wake na liwe na doa la manjano pale lilipolalia ardhi. Doa jeupe ni dalili ya kuchumwa mapema. Papai la sinia lisiive hadi mwisho. Ganda likiwa manjano robo tatu na likabonyea kidogo tu chini ya kidole, litakatika vipande vyenye kingo. Lililoiva kabisa lipeleke kwenye juisi.

Osha kila tunda kwa maji yanayotiririka kabla ya kulikata, hata lile ambalo ganda lake haliliwi, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa juu na kuupeleka ndani. Kibao kilichokatiwa kitunguu, nyama au samaki kisitumike. Kisu kiwe kikali kweli. Butu husaga tunda badala ya kulikata, na tunda lililosagika hutoa maji zaidi.

Nanasi: kata kichwa pamoja na sentimita 2 au 3 za nyama yake ili kisimame chenyewe, kisha kiweke pembeni, ndicho pambo la katikati. Kata kitako, simamisha tunda, menya kutoka juu kwenda chini. Usimenye kwa kina hadi macho yote yaishe, utatupa nyama nyingi. Macho yamejipanga kwa mistari ya mshazari, basi fuata kila mstari kwa kukata mfereji mwembamba wenye umbo la V. Gawa mara nne, toa moyo, kata vipande vya sentimita 2.

Tikiti: gawa nusu, kisha robo, kata pembe tatu za unene wa sentimita 2 na uache ganda. Ganda ndilo mpini, mgeni hahitaji uma. Panga pembe hizo kwenye chujio kwa dakika 20, nanasi kwenye chujio lingine, halafu zifute kwa karatasi ya jikoni. Hatua hii watu huiruka wakiwa na haraka, na ndiyo inayotofautisha sinia kavu na bwawa.

Epo na peasi, kama umeziongeza, hubadilika rangi zikikutana na hewa. Zitumbukize kwa dakika 3 hadi 5 kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, kisha kausha. Ndizi ni bora iachwe: hata ikipakwa ndimu, baada ya muda inateleza na kuwa nyeusi.

Sinia la alumini lisiguswe na nanasi moja kwa moja. Asidi yake huleta ladha ya chuma. Tandika jani la mgomba lililooshwa, likafutwa na kubabuliwa motoni kidogo hadi ling'ae, la sivyo litapasuka ukilikunja. Simamisha kichwa cha nanasi katikati, zungusha nanasi, kisha tikiti ukingoni ncha zikitazama ndani. Papai na tikiti zisikae jirani, rangi zao hufichana. Zitenganishe kwa zabibu au nanasi. Zabibu zikate kwa mkasi ziwe vishada vidogo, ujaze mianya. Watoto wadogo wakiwepo, zao zikate mara nne kwa urefu kwa sababu nzima zinaweza kuwakaba, na usichomeke vijiti vya meno.

Sukari, chumvi na pilipili visinyunyizwe juu. Vyote viwili vya kwanza huvuta maji kutoka kwenye tunda. Wanaopenda embe kwa chumvi na pilipili wawekewe kibakuli pembeni. Mtindi vilevile: nanasi na papai mbichi zina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na ukiuchanganya mapema unageuka mwepesi na mchungu.

Usiku wa kuamkia shughuli, poza tikiti zima kwenye friji, na ukate nanasi ukalifungie chomboni. Asubuhi kata tikiti, saa mbili kabla ya wageni papai au embe, na epo mwisho kabisa. Toa nusu tu mezani, nusu ibaki kwenye friji ya kujazia. Funika kwa kawa. Plastiki hukusanya mvuke na kuudondosha juu ya matunda. Barafu ikitumika chini ya sinia, iwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Matunda yaliyokatwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Yaliyovuka muda huo yatupwe. Yale ambayo hayakutoka kwenye friji yatengenezwe juisi kesho yake.