Somo: Dharana kwa mwenye ADHD (hali ya umakini kutawanyika na mwili kutotulia), kwa punje 10 za maharage

Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga wa India, anaeleza dharana kwa maneno machache: kuifunga akili mahali pamoja. Umakini ukitiririka hapo bila kukatika, hiyo ni dhyana. Kikibaki kile kitu peke yake, nawe umejisahau, ni samadhi. Mwenye ADHD akiikimbilia samadhi atakata tamaa kesho yake. Mfafanuzi wake, Vyasa, anaitaja akili ya vikshipta, inayotulia kidogo na kutawanyika tena. Juu yake iko ekagra, iliyoelekea kitu kimoja. Safari yetu ni kutoka ile kwenda hii, na chombo chake ni kurudi.

1. Uchoshe mwili kwanza: chuchumaa na kusimama mara 15. Mwili ukikalishwa ghafla, mguu huanza kutikisika.

2. Kaa mkekani juu ya blanketi lililokunjwa, magoti yawe chini kuliko nyonga. Macho wazi, yatazame chini. Simu ibaki chumba kingine.

3. Weka mabakuli mawili, la kushoto lina punje 10 za maharage ya nambale. Kila pumzi inapotoka, hamishia punje moja kulia. Vidole viisikie: ulaini wa ganda, kisha lile jicho dogo ubavuni. Pumzi iende yenyewe. Ukiikaza utapata kizunguzungu.

4. Akili itatoka. Ukigundua, punje ingali mkononi. Ihamishe na pumzi inayofuata. Usianze upya! Anayeanza upya hamalizi, na asiyemaliza hurudi kesho na aibu badala ya hamu.

Asubuhi na jioni, punje 10. Zikipita siku 5 bila kuruka, weka 15.

Maswali

Jinja: Mwalimu, nikitengeneza redio nasahau hata kula. Si samadhi hiyo?
Jibu: Hapana, ndugu. Ukiitwa, unaweza kuiacha? Hapo redio ndiyo iliyokushika. Katika dharana wewe ndiye unayeiweka akili, na unaiondoa ukitaka.

Kampala: Boda boda hazinyamazi hapa kwetu.
Jibu: Usizipige vita. Sema moyoni "sauti", kisha rudisha vidole kwenye punje. Hiyo nayo ni dharana.

Mbale: Niache dawa?
Jibu: Usiache, tafadhali. Zoezi hili halichukui nafasi ya dawa. Kubadilisha au kupunguza ni jambo la kuzungumza na daktari wako. Kama dawa inakukosesha utulivu saa fulani, fanya zoezi saa nyingine.