Umepata kazi ya kufundisha Kiingereza Moshi? Anzia hapa

Mwalimu mwenzangu unayetoka Kenya, Moshi ni karibu mno na kwetu, na ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Unavuka Taveta, unaingia Holili, unapita Himo, na saa moja haijaisha uko mjini. Lugha unaijua, mlima umeuona tangu ukiwa upande wa kwetu. Basi mtu anakuja na begi na bahasha ya vyeti kama anayehamia kaunti ya jirani. Hii ni nchi nyingine, Tanzania, na ina sheria zake.

Usishike chaki kabla ya kibali. Muhuri wa matembezi unaogongewa mpakani haukuruhusu kufundisha hata kipindi kimoja. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na anayekuombea ni mwajiri. Kuna pia kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Mkuu wa shule akikwambia "anza tu, karatasi zitafuata", mjibu kwa heshima kwamba utaanza zikishafika, maana ukaguzi ukija, mwenye kesi wa kwanza ni wewe. Muulize pia kuhusu leseni ya kufundishia. Beba vyeti halisi: vya sekondari hulinganishwa na NECTA, baraza la mitihani la huku, shahada hutambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, na shughuli hiyo haiendi kwa siku moja.

Nyumba usiilipie ukiwa bado Kenya. Fikia gesti, kisha tembea kwa miguu. Shanty Town ni kuzuri na ni ghali. Majengo, Njoro na Pasua mshahara wa mwalimu unapumua. Jiandae, kodi hapa hutolewa kwa mkupuo: mwenye nyumba akikubali miezi mitatu mshukuru, wengi wanataka sita, wengine mwaka mzima. Kabla ya kutoa hela uliza kama mita ya luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, na maji hutoka siku zipi. Ukishahamia, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulishe. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho, utaipata kwa mtu anayekufahamu.

Laini ya simu isajili kwa pasipoti yako, kwenye duka la mtandao wenyewe. Usitumie jina la rafiki, kwa sababu hela zako zitakuwa humo.

Sasa salamu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu unafika gengeni unasema "nipe nyanya", unalipa, unaondoka, na hakuna aliyekosewa. Moshi ukifanya hivyo utauziwa, ila utabaki mgeni. Mama ninayenunua kwake ndizi soko la Mbuyuni ni mkubwa kwangu, kwa hiyo naanza na shikamoo. "Marahaba mwanangu, za nyumbani? Wanafunzi hawajambo?" Tunamaliza hayo ndipo naomba mshare, ndizi za kupikia supu ya mtori, naye anazigeuza moja moja, anatoa iliyoanza kulainika, anaweka nyingine. Ofisi ya walimu ni vilevile: asubuhi zunguka meza zote, salimia kila mtu, hata kama kengele inakaribia. Nimeona walimu hodari wa Kiingereza wakikaa mwaka mzima bila mtu wa kuwashikia kipindi siku wanapougua, kwa sababu hiyo tu.

Darasani, kama umepangiwa sekondari, kumbuka watoto wengi wa kidato cha kwanza wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yanageuka Kiingereza kwa mkupuo. Ukimya wao usiuite uzembe. Msichana wa dawati la pili anajua jibu. Msikilize anavyomnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili, sawasawa kabisa. Wape dakika mbili wajaribu wawili wawili kabla hujamsimamisha mtu, na kicheko cha kumcheka aliyekosea ukizuie tangu wiki ya kwanza. Akisema "my mother he sells bananas", yeye amefuata lugha yake, ambayo haitenganishi baba na mama hapo. Rudia sentensi ikiwa sahihi, endelea na mazungumzo, sarufi ije kesho. Punguza kasi pia. Lafudhi yetu ni ngeni masikioni mwao.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nunua viatu vya matope. Juni na Julai lete sweta, baridi ya hapa ni ya kweli. Ukitaka kwenda nyumbani Krismasi, kata tiketi mapema: Desemba Wachaga wanarudi kwao kutoka kila pembe ya nchi na barabara zinajaa. Na kabla hujasafiri, tazama tarehe ya mwisho kwenye kibali chako. Kama imekaribia, anza kukihuisha kabla ya kufungasha.