Jinsi ya kujua kama maji ya ziwa dogo la kaskazini yanafaa kuogelea, mwezi kwa mwezi

Kabla hujatafuta hata taulo shika hili: joto la hewa na joto la maji ni vitu viwili tofauti, na kwenye vile viziwa vya kaskazini, vya Ufini, Uswidi, Kanada au jimbo la Minnesota kule Marekani, maji yanachelewa nyuma ya hewa kwa wiki kadhaa. Mwezi wa 5 unakuta jua kali, watu wako kaptula, hewa digrii 25, kumbe barafu imetoka juzijuzi tu na maji yako digrii 8 au 10. Hizo siku mimi zinanitisha kuliko hata winta, manake winta kila mtu anajua ni baridi anajiandaa, ila siku nzuri ya mwezi wa 5 mtu anakimbia kwenye gati anajirusha tu.

Inakuwaje sasa. Maji yanakula joto jingi sana mpaka yapande digrii moja, alafu yana tabia yake ya ajabu kwamba yanakuwa mazito zaidi yakifika digrii 4, si 0. Kwaiyo barafu ikiyeyuka ziwa lote juu mpaka chini linakuwa karibu digrii 4 na upepo unalikoroga lote, jua linapasha ziwa zima sio juu tu. Baadaye maji ya juu yakishapata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi, yanajitenga tabaka. Hapo ndo juu panaanza kupanda haraka na chini panabaki baridi kama friji sama nzima (msimu wote wa joto), kwenye viziwa virefu kwenda chini unakuta digrii 5 au 6 hata mwezi wa 7.

Kwa makadirio tu (ziwa lako linaweza kuwa mbele au nyuma wiki mbili, na ukienda juu kabisa kama Lapland, kaskazini ya mbali ya Ufini na Uswidi, barafu inaweza kusubiri mpaka mwisho wa mwezi wa 5 au hata wa 6): mwisho wa mwezi wa 4 mpaka mwanzo wa 5 ni digrii 4 mpaka 8, mwisho wa mwezi wa 5 ni 10 mpaka 14, mwezi wa 6 ni 15 mpaka 19. Kilele ni mwezi wa 7 mpaka mwanzo wa 8, digrii 20 mpaka 24, yaani karibu mwezi mzima baada ya ile siku ndefu kuliko zote. Mwezi wa 9 unaanza na 17 hivi unaisha na 12, mwezi wa 10 yanashuka upesi na ziwa linajikoroga tena, alafu mwezi wa 11 au 12 barafu inafunga.

Ukiniuliza mimi kati ya digrii 17 za mwezi wa 6 na digrii 17 za mwanzo wa mwezi wa 9 nachagua za mwezi wa 9 bila kufikiria. Mwezi wa 6 lile tabaka la joto ni jembamba, hasa kwenye ziwa lililozungukwa na msitu ambapo upepo haufiki vizuri, unaogelea vizuri kifua kiko kwenye maji ya joto, unasimama wima kidogo tu miguu inaingia kwenye baridi ya kushtua. Mwisho wa sama tabaka limeshaenda chini, una mita kadhaa za maji ya kueleweka.

Kupima: usipime pale ufukweni maji yanapofika kwenye magoti, hapo jua limepasha mchanga na utadanganyika digrii kadhaa. Nenda mwisho wa gati, shusha kipimajoto kwa kamba yenye uzito mpaka mita moja, acha dakika mbili tatu. Ukitaka kujua kina cha mita 3 au 4 chukua chupa, ifunge jiwe, iwe na kizibo chenye kamba yake unayoivuta ikishafika chini, ijae hukohuko, uipandishe haraka ndo uweke kipimajoto ndani, manake ukishusha kipimajoto peke yake kinabadilika njiani kikipanda. Angalia na upepo pia, ukivuma siku nzima unasukuma maji ya joto upande unakoelekea, na upande unakotoka maji ya baridi yanapanda kutoka chini, kwaiyo ziwa moja siku moja linakuwa na joto mbili tofauti.

Sasa namba maana yake nini. Mabwawa ya mashindano yanawekwa digrii 25 mpaka 28. Kwenye mbio za maji ya wazi za kimataifa chini ya 18 suti ya mpira ya kuzuia baridi ni lazima, chini ya 16 haziogelewi, na hao ni watu wa mazoezi ya kila siku. Chini ya 15 mwili unapata mshtuko, unavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, moyo unakimbia, na kama kichwa kiko chini wakati huo unavuta maji. Ule mshtuko unapungua ndani ya dakika moja mpaka tatu. Kwaiyo ingia taratibu kwa ngazi, usijirushe, lowesha uso na shingo, ukizidiwa lala chali uelee tu mpaka pumzi itulie ndo uanze kuogelea. Yakiwa baridi sana mikono inaishiwa nguvu kama dakika 10 hivi, hata kama unajua kuogelea vipi, ndo maana unaenda sambamba na ufukwe, si kukata katikati, na boya la rangi kali limefungwa kiunoni, na mtu nchi kavu anakuangalia. Mwenye presha au shida ya moyo aongee na daktari kwanza jamani.

Ukitoka mwili unaendelea kupoa ndani kwa muda, wakati mwingine hata nusu saa, kwaiyo vua vya maji, jikaushe, vaa nguo kavu kuanzia juu, kofia, kitu cha moto cha kunywa. Usikimbilie shawa ya moto unaweza kuanguka, na usiendeshe gari ukiwa bado unatetemeka.

Mwezi wa 7 na 8 adui anabadilika. Ukiona maji kama yamemwagiwa rangi ya kijani hiyo inaweza kuwa bakteria wa bluu-kijani, wanaweza kuwa na sumu, usiingie, watoto na mbwa wasiguse kabisa. Ngurumo ikisikika toka, subiri nusu saa baada ya ile ya mwisho.

Na barafu ikishafunga, wanaoogelea winta wanatumia shimo lililokatwa lenye ngazi imara, hawaendi peke yao, kichwa juu muda wote, hakuna kupiga mbizi. Kwa anayeanza, nusu dakika inatosha kabisa.