Kabla hujalipia ile safari ya miguu na baisikeli kule Ssese

Mwezi wa sita ukikaribia simu zinajaa matangazo, siku nne siku tano kuzunguka kisiwa cha Bugala kwa miguu na baisikeli, kiongozi yupo, chakula kipo, picha ya mchanga mweupe na jua linazama, halafu chini kabisa namba ya kutuma hela. Siku hizi hata jamaa wa Kisumu na Mwanza wanaulizia. Safari yenyewe tamu, sina neno nayo, ila kuna kitu tangazo halisemi, kwamba kule mwenye ratiba si kampuni wala si wewe uliyelipa, mwenye ratiba ni ziwa. Ukishalikubali hilo mengine yote, kuanzia siku za likizo mpaka aina ya begi, unayapanga vizuri tu.

Kwa asiyejua, Ssese ni visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, wilaya ya Kalangala, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Kufika kuna njia kuu mbili. Moja ni meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo pale Entebbe, ratiba iliyozoeleka ni saa nane mchana, inatembea kama masaa matatu na nusu mpaka gati la Lutoboka pale Bugala, kesho yake saa mbili asubuhi inageuza. Yaani kwenda ni mara moja kwa siku, ukikwama kwenye jam ya Kampala umeachwa na hakuna wa kumlaumu. Tena ni meli moja, ikiingia matengenezo watu wengi wanahamia njia ya pili ambayo ni Kampala mpaka Masaka, kama kilomita 130, halafu unakata kushoto kwenda Bukakata, pale unapanda feri ya bure inakuvusha mpaka Luku. Sasa tofauti yake kwa mtu wa baisikeli ni kubwa: ukishuka Lutoboka uko chini tu ya mji wa Kalangala, ukishuka Luku uko mwisho wa upande mwingine wa kisiwa na siku yako ya kwanza ni kupiga pedali kama nusu ya ile barabara ya kilomita 66 inayokatiza Bugala kutoka Luku mpaka Mulabana. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi uliza mnaingilia wapi na meli isipotoka mpango ni upi. Kampuni ikijibu "usijali" bila kueleza zaidi, basi hapo wewe jali.

Na likizo ombeni na siku moja ya ziada jamani. Kama Jumatatu asubuhi unatakiwa kazini usipange kurudi Jumapili, upepo ukiamua kuvuma mawimbi yakapanda boti ndogo hazitoki na wala hazitakiwi kutoka.

Majira nayo. Mvua kubwa ni kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu zinarudi tena kuanzia wa tisa au wa kumi mpaka mwisho wa mwaka hivi, kwa hiyo watu wanapenda Desemba mwishoni mpaka Februari au Juni mpaka Agosti. Lakini hata hiyo miezi mikavu usiende na imani ya Karamoja, kule kaskazini mashariki kwenye ukame, visiwa hivi ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi Uganda nzima, kwa mwaka inapita milimita 2,000. Ziwa lina tabia ya kutengeneza mvua zake usiku na alfajiri, radi zinakuamsha saa tisa usiku unasema leo hakuna safari, saa nne asubuhi jua linawaka kama hakuna kilichotokea na njia imekuwa tope. Kiongozi mzuri anajua hilo, hakulazimishi kuondoka saa kumi na mbili asubuhi wakati mawingu bado yamekaa, ila pia hakuachi ulale mpaka saa tano maana saa moja jioni huku giza limeingia, sisi tuko pale pale kwenye ikweta hatuna jioni ndefu. Tochi ya kichwani ni lazima hata kama tangazo limesema mtafika mchana.

Jambo lingine la kuulizia ni njia zenyewe za ufukweni. Mwezi wa tano 2020 ziwa lilipanda mpaka kipimo cha usawa wa maji pale Jinja kikasoma mita 13.42, kikaipita rekodi iliyokuwepo tangu 1964, na fukwe nyingi zikaingia majini pamoja na majengo yaliyokuwa karibu, na 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Kwa hiyo ile picha ya mchanga mpana kwenye tangazo inaweza kuwa ya zamani. Uliza tu kistaarabu, kaka hii njia ya kutembea kando ya maji bado ipo au siku hizi mnapanda juu msituni? Si kwamba msituni kubaya, mimi naona ndiko kuzuri zaidi, tumbili wapo, hondohondo wanapiga kelele, tai mla samaki unamsikia kabla hujamwona, ila viatu vya msituni na viatu vya mchangani si vimoja.

Kuhusu neno kiongozi watu wanajidanganya sana. Kuwa na kiongozi maana yake hupotei, na Bugala kupotea ni rahisi kuliko unavyofikiri kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa ni mashamba ya michikichi, njia zimekatwa mraba mraba na kila mstari unafanana na mwingine, ukiachwa nyuma dakika kumi hujui upande wa ziwa ni upi. Lakini kiongozi hakusukumii baisikeli mlimani. Uliza kundi ni la watu wangapi na viongozi wangapi, wakiwa wawili mmoja mbele mmoja nyuma ndio sawa. Uliza kama kuna gari au boda inayofuata na mizigo, la sivyo begi la nguo za siku tano liko mgongoni mwako. Uliza nauli za boti za kwenda visiwa vingine kama Bukasa zimo kwenye bei au utaambiwa ukifika. Na uliza leseni, Uganda Tourism Board ndio wanasajili na kutoa leseni kwa kampuni na waongoza watalii, anayefanya kazi kwa haki hakasiriki ukimuuliza.

Sasa mwili. Hapa ndipo wengi wanalia siku ya pili. Mtu anakwambia mimi niko fiti naenda jimu, sawa, lakini jimu haikufundishi kukaa kwenye kiti cha baisikeli masaa manne halafu kesho ukaamka ukakikalia tena pale pale panapouma. Cha kufanya ni mazoezi ya siku zinazofuatana, Jumamosi na Jumapili, sio moja kila wiki mbili, anza hata mwezi mmoja na nusu kabla. Ukiwa Kampala milima unayo bure, Muyenga, Makindye, Mutundwe, panda taratibu kwa gia ndogo na ujifunze pia kushuka, maana barabara nyingi za kisiwani ni marramu, udongo mwekundu wenye vijiwe vinavyoteleza, na breki za kushika ghafla kwa mbele zinakurusha. Kutoka Kalangala mjini kuteremka Lutoboka kuna mteremko wa maana, na kuupanda kurudi ndio utajua ulifanya mazoezi au ulikuwa unapiga picha tu. Kwa miguu ni hivyo hivyo, tembea na vile viatu utakavyokwenda navyo, kiatu kipya usikifungue siku ya safari, malengelenge hayana huruma.

Baisikeli kama ni ya kampuni waambie urefu wako mapema na uombe ikaguliwe kabla haijapanda meli. Usipewe ile gaali, yaani baisikeli nzito ya kubebea matoke isiyo na gia, wanaokaa nayo wana maanyi ga kifuba, nguvu za kifua, za miaka, wewe huna. Tairi ziwe za meno, gia zibadilike zote, kiti kipande na kushuka. Kama ni yako beba chubu mbili za saizi yako, viraka, pampu, cheni linki na spana ndogo, mafundi wa baisikeli kisiwani wapo na ni wajanja kweli ila spea walizo nazo ni za zile kubwa za mizigo, chubu ya baisikeli yako ya kisasa hawana. Helmeti bila mjadala. Malori ya kubeba michikichi yanapita yakiwa na haraka na yakishapita huoni kitu kwa vumbi, kwa hiyo beba kitambaa cha kufunika pua na miwani hata ya bei rahisi.

Majini laifujaketi ni hivyo hivyo bila mjadala. Novemba 2018 boti ya starehe ya MV Templar ilipinduka ziwani upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa, ilikuwa imezidisha watu na wengi hawakuwa wamevaa kitu. Kwa hiyo boti ikiwa imejaa shuka, na laifujaketi ivae uifunge, sio kuikalia kama mto. Kama huamini za kwao nunua yako.

Nguo sitaongea sana, nyepesi zinazokauka haraka, suruali moja ndefu na shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu na jua, koti la mvua, kaptula yenye sponji, vaselini ya mapajani. Kila kitu ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) nzito halafu ndio begi. Soksi ziwe nyingi kuliko unavyodhani, na msituni baada ya mvua suruali ichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, utaonekana mshamba lakini hutavua nguo mbele za watu. Kina dada mkipita vijiji vya wavuvi leso moja, yaani kanga, ya kujifunga inasaidia sana. Pesa beba taslimu za noti ndogo ndogo, mobaili mani inafanya kazi ila netiwaki ikikatika wakala hana msaada, na pawabenki ijae.

Wanaotoka nje, Mkenya na Mnyarwanda wanavuka na kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti, na kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano asije akashikiliwa mpakani. Kiswahili chenu kitawafaa kuliko mnavyotarajia, mialo ya wavuvi ina watu wa kila kabila, na wanajeshi wanaolinda uvuvi, waliowekwa ziwani tangu 2017, ndio lugha yao. Ila hao usiwapige picha, wala usinyooshee kamera nyavu na samaki bila kuomba, huko kuna historia ya misako na watu hawajui wewe ni mtalii au mpelelezi. Msalimie mzee kwanza, mzee shikamoo, habari za hapa, ndio mambo mengine yafuate. Visiwa hivi pia ni vya heshima kwa Baganda wa dini ya asili, hekalu kubwa la Mukasa, lubaale (mungu wa asili) wa ziwa, lilikuwa kisiwa cha Bubembe, kwa hiyo ukikuta sabo, yaani kibanda cha ibada, au mti uliofungwa vitambaa msituni usiingie kuchezea, muulize kiongozi na kama anasema vua viatu vua.

Chakula hutakosa, ngege (sato) mbichi aliyetoka majini asubuhi na matoke, mputa (sangara) wa kukaanga, rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, pale senta. Tatizo ni maji. Kwenye jua hili lita tatu kwa siku ni kawaida ukiwa unapiga pedali, ya ziwa usinywe hata yakionekana masafi, beba vidonge vya kusafishia na pakiti kadhaa za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, kichwa kikianza kuuma saa saba mchana ni maji hayo hujanywa.

Malaria ipo, tena sana, kwa hiyo muone daktari wiki chache kabla uongee naye habari za vidonge vya kinga, hasa unayetoka Nairobi au Kigezi, kule milimani kusini magharibi, ambako mwili haujazoea, na chandarua uliza kama kipo kila mnapolala. Kalangala ina Health Centre IV, yaani kituo cha afya kikubwa ila si hospitali, hospitali kubwa ya rufaa ni Masaka, ng'ambo ya maji, maana yake mwenye pumu, kisukari au presha dawa zake abebe mara mbili ya siku za safari na azigawe mabegi mawili, na kiongozi ajue, usifiche kwa aibu. Bima yako isome kama inalipa boti ya dharura.

Kuogelea ndio watu wote wanaulizia. Ziwa lina kichocho, kinatoka kwa konokono wa majini na kinaingia kwenye ngozi bila kidonda bila chochote, na wanapenda pale maji yametulia na kuna majani. Wengine watakwambia Ssese hakuna, usibishane nao, wewe epuka kuingia kwenye majani na ukitoka jifute haraka kwa taulo, hiyo inapunguza ila haifuti hatari. Kama uliingia majini, usikimbilie kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku unayorudi kwa sababu inaua minyoo iliyokomaa tu, ile michanga inabaki. Subiri wiki sita mpaka nane, nenda kliniki uwaambie ulikuwa ziwani wakupime, na ukipata homa au kuwashwa mwili kabla ya hapo nenda siku hiyo hiyo na uanze na kipimo cha malaria.