Kadi mpya ya diski, na mashini imekataa kufunguka

Umechomeka kadi ya SATA au SAS (kadi ya ziada ya kuunganishia diski) ili upate nafasi ya diski zaidi, umewasha, na badala ya Windows unasoma "No bootable device". Usiformati kitu. Mara nyingi diski ya mfumo ni nzima, foleni tu, yaani mpangilio wa diski ipi ijaribiwe kwanza, ndiyo imevurugika. Kadi nyingi hubeba programu yake ndogo, option ROM, ambayo BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashini, huiendesha kabla mfumo haujaanza. Programu hiyo hutangaza diski za kadi kuwa nazo zinaweza kuwasha mashini. BIOS ikiziweka mbele, inagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Hakikisha kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, toa nyaya za data kwenye kadi lakini kadi yenyewe iache, kisha washa. Ikifunguka, tatizo ni foleni. Isipofunguka, toa na kadi, uangalie waya wa SATA wa diski ya mfumo: usio na kibanio hulegea ukiugusa tu kwa kiwiko. Hapa Goma angalia pia vumbi jeusi la lava ndani ya sloti. Lifagie kwa brashi kavu, na meno ya kadi yasugue kwa raba ya kufutia.

Rudisha nyaya, washa, bonyeza kitufe cha menyu ya kuchagua diski: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, F8 kwa ASUS. Ukichagua diski ya mfumo kwa mkono na ikafunguka, kazi iliyobaki ni ndani ya BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, Delete kwa bodi nyingi nyingine).

Hapo ndipo wengi hukwama. BIOS nyingi zina orodha mbili. Ya kwanza hupanga aina za vifaa: diski, USB, mtandao, na huonyesha diski moja tu. Ya pili, "Hard Drive BBS Priorities" au jina la kufanana nalo, ndiyo huamua diski ipi iwe hiyo moja. Ukipanga ya kwanza ukaisahau ya pili, utawasha mara kumi bila mabadiliko. Panga ya pili kwanza.

Kama diski za kadi ni za kuhifadhi data tu, dawa bora ni kuinyamazisha option ROM. Tafuta "Storage OpROM" uweke "Do not launch"; kwenye ASUS ingia CSM (sehemu ya kuwasha kwa njia ya zamani), "Boot from Storage Devices", uchague "Ignore". Diski hazitapotea: Windows au Linux ikishaamka huipata kadi kwa draiva yake. Mstari wa "Video" usiuguse, skrini inaweza kubaki nyeusi. Wala usibadilishe Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) kuwa UEFI (njia mpya) kwa kujaribu bahati. Mfumo uliowekwa kwa njia moja haufunguki kwa nyingine.

Linux ina lake. Jina la diski /dev/sda linaweza kuhamia kwenye diski ya kadi, kwa hiyo ndani ya /etc/fstab, faili la orodha ya diski, andika UUID, namba ya kipekee ya kila sehemu ya diski, inayotolewa na amri ya blkid. Ukiangukia "grub rescue>", kumbuka klavye zetu ni AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) ilhali GRUB, programu inayoiamsha Linux, kwa kawaida husoma QWERTY (wa Kiingereza): kupata a bonyeza Q, kupata m bonyeza kitufe cha koma, na mkwaju (/) ni kitufe cha mwisho kabla ya Shift ya kulia.

Ukimaliza, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Mashini za mitumba mara nyingi huja na betri ya CR2032 iliyochoka, ile ndogo ya bodi inayotunza mipangilio, na umeme ukikatika, au ralonji (waya wa kurefushia umeme) ikizimwa usiku, mipangilio inaweza kufutika. Foleni inarudi ilivyokuwa, na pengine hali ya SATA inatoka AHCI kwenda RAID (njia mbili za bodi kuongea na diski), ndipo Windows inaleta skrini ya bluu yenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Kwa hiyo saa ya mashini ikirudi nyuma kila asubuhi, pima betri: mpya husoma 3 V au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 2.8 V, ibadilishe kabla hujapanga foleni.